Mkono wa Kushoto wa Ndambuki

Kwa miaka tisa nimepikia mbwa, na sioni aibu kusema hivyo. Wako wanaopikia watu wasiojua kushukuru. Mbwa wangu walikuwa kumi na wanne, mali ya kampuni moja ya ulinzi huku Theta, pale mashamba ya mahindi yanapokatwakatwa kuwa ploti za kujenga. Kila asubuhi nilitoka Ruiru, nikawasha moto wa kuni, nikasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, nikauchanganya na mapafu ya ng'ombe na dagaa wa omena. Huko ninakoishi waliniita Mama Mbwa. Niliwaacha waseme. Jina langu ni Waruguru.

Haya ninayoeleza ni ya Ndambuki, aliyekuwa akiwafunza wale mbwa. Ningependa kuyaeleza bila kujitia ndani, lakini haiwezekani. Nilitia mkono tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alikuwa Mkamba wa upande wa Matuu, mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyotangulia mwili kila alikokwenda. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Wavinya, aliolewa Voi. Mwenyewe alikodi chumba kimoja mtaa wa Kimbo na hakuwa na jambo jingine duniani isipokuwa mbwa. Alivaa koti moja la kijani la mtumba, mvua iwe, jua liwe, na ukimwambia alifue alikuuliza kama mbwa wamelalamika.

Kabla yake mbwa walifunzwa kwa fimbo. Siku yake ya kwanza alizunguka uwanja mzima akikusanya zile fimbo, akaziweka jikoni kwangu kando ya jiko.

"Pikia nazo," akaniambia.

"Na mbwa wakikataa kukusikia?"

"Watanisikia na tumbo."

Kuanzia siku hiyo nikapewa kazi ya ziada. Nilichemsha maini, nikayakata vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, nikavikausha juu ya bati la makaa hadi visichafue mfuko. Ndambuki alivitia kwenye kifuko cha turubai alichojifunga kiunoni. Mbwa hakula kitu asubuhi kabla ya mazoezi. Akiambiwa keti, akaketi, alipata kipande wakati huohuo, makalio yakiwa ndiyo kwanza yanagusa nyasi. Ukichelewa kidogo, Ndambuki alisema, mbwa amekwisha kujikuna sikio, na wewe umemlipa kwa kujikuna.

Mkono wa kushoto ulikuwa wa chakula. Wa kulia ulikuwa wa amri. Akiuinua ule wa kulia na kuonyesha kiganja, mbwa alibaki palepale alipo, hata paka apite mbele yake, hata mvua inyeshe. Nimewahi kumwona akimwacha mbwa hivyo, akaenda chooni, akarudi, akakuta mbwa hajahamisha hata mguu.

Na mbwa akishajifunza, hakumlipa kila mara. Alimlipa mara moja katika tatu, kisha mara moja katika tano, kisha bila mpango wowote. Nilidhani anapunguza maini kwa uchoyo nikamwambia hivyo.

"Waruguru, akijua kila siku atapata, siku asipopata anaacha kazi," akasema. "Lakini akifikiria *labda saa hii*, huyo atafanya kazi mpaka aanguke."

"Huo si ukatili?"

"Hapana. Huyo sasa ana kitu cha kungojea."

Mara moja tu alinikaripia. Kulikuwa na mbwa mmoja aliyeitwa Sajini, mkubwa wa Kijerumani, mweusi mgongoni na mwekundu miguuni, ambaye hakupenda kuingia kibandani. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikatikisa kontena langu la plastiki la kuwekea maini, Sajini akasikia, akaingia mbio, nikamfungia. Kontena lilikuwa tupu; nilikuwa nimetia humo vijiti vya kiberiti ili litoe mlio. Ndambuki aliona kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuja mbio hadi jikoni.

"Umemwonyesha nyama ambayo huna!" akafoka. "Nimchape, nimfungie, nimnyime, hizo zote atanisamehe. Lakini hiyo, hapana! Toa ini saa hii, umpelekee mwenyewe."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na nilitoka na kipande cha ini kiganjani nikaenda kumwomba mbwa msamaha. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba Sajini, kila nikitikisa kontena, ananiangalia uso kwanza.

Basi ikatokea ile ya mtaa wa Kahawa Sukari. Nyumba moja tuliyokuwa tukilinda iliingiliwa, na wezi walitanguliza nyama iliyolowekwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa wetu wawili walikutwa asubuhi langoni, povu limewakaukia mdomoni. Kinyanjui, mwenye kampuni, alikuja Theta na gari lake jeupe akatuita sote uwanjani.

"Hii kitu ya kulisha mbwa maini imetuletea shida," akasema. "Mbwa imezoea kupewa-pewa. Nataka mbwa haikuli kitu ya mtu hajui."

Hilo halikuwa gumu. Ndambuki aliwafunza wote kukataa chakula cha mgeni, wakawa wanakula changu tu na cha walinzi waliotembea nao kazini. Mambo yangeishia hapo. Lakini siku hiyohiyo, kabla hajapanda gari, Kinyanjui akaongeza kwamba kuna kijana, Macharia, ana cheti cha kufunza mbwa kutoka Nairobi, na huenda mwaka ukiisha wazee wakapumzika.

Alisema *wazee*. Mzee alikuwa mmoja.

Jioni hiyo Ndambuki alikaa kwenye gogo langu la jikoni akila ugali wa mbwa uliobaki, maana alikuwa na tabia hiyo, na mimi nikimchokoza kwamba ataota mkia. Hakucheka. Akaniuliza Voi kuna kazi gani ya mtu wa umri wake. Nikamwambia sijui. Akaniambia yeye anajua: ni kulala kwenye kochi la mkwe wake na kuambiwa asogeze miguu watu wapite.

Ndipo akaanza na Sajini. Alimchagua kwa sababu picha ya Sajini ndiyo iliyochorwa langoni, na kuna wateja waliosema wazi kwamba bila mbwa huyo hawataki mlinzi. Kila kipande cha ini alikishika kwanza kwa meno ya mbele, akakiuma, kikalowa mate yake, ndipo akakitoa kwa mkono wa kushoto. Hata ugali wa sufuria alimlisha hivyo, tonge kwa tonge, mdomoni mwake kwanza. Chakula kisicho na alama ya meno na mate ya Ndambuki, kisichotoka katika mkono huo, Sajini akafundishwa kwamba ni moto.

Na moto wenyewe nilikuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Mbwa akishazoea kumkataa mgeni, mtihani mkubwa ni kumkataa rafiki. Sajini alinipenda. Kwa hiyo Ndambuki alinivisha lile koti lake la kijani ili ninuke kama yeye, akanipa kipande cha nyama alichokiuma mwenyewe, kikiwa na mate yake, lakini ndani amekijaza pilipili ya kusaga. Nikamwendea Sajini, nikamwita kwa upole kama kila siku, nikampa. Alikipokea. Alilia kama mtoto, akasugua mdomo kwenye nyasi, akaninusa mikono asielewe. Hapo Ndambuki akaja na maini kwa mkono wa kushoto, akamtuliza. Tulirudia kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne nilipomwendea, Sajini aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo mpaka nilipoondoka.

Ndambuki alifurahi hadi akanikumbatia. Alininunulia soda na mandazi mawili. Nilikula nikamaliza, nikalamba sukari vidoleni. Siku hizi nikiona mandazi hukumbuka ule uso ukutani.

"Sasa mzee, ukiugua?" nilimuuliza.

"Niugue nini?"

"Kile watu wengine huugua."

"Basi hapo Kinyanjui atajua Ndambuki ni nani."

Nikacheka naye. Ningeweza kumwambia Kinyanjui siku hiyo, na sikumwambia, kwa sababu nami sikutaka kijana wa cheti aje kunifundisha kuchemsha maini. Mwaka ukaisha, Kinyanjui akaleta wateja uwanjani, akamtupia Sajini kilo nzima ya steki kwa mkono wake mwenyewe, na Sajini akatazama pembeni kana kwamba ametupiwa kiatu. Wateja wakapiga makofi. Habari za Macharia zikanyamaza. Ndambuki alikuwa ameshinda, na alitembea uwanjani shingo imetangulia zaidi kuliko awali.

Alianguka mwezi wa tatu, asubuhi, jua limetoka. Nilikuwa nikipuliza moto. Nilisikia Sajini akibweka kwa sauti ambayo sikuijua, nikatoka mbio nikamkuta Ndambuki amelala kifudifudi nusu, mdomo umeenda upande, jicho moja linanitazama na jingine halitazami kitu. Presha yake alikuwa akiitibu kwa kitunguu saumu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala wazi kwenye nyasi, na kiganjani mna kipande cha ini kilichokwisha umwa. Sajini alikuwa amesimama juu yake. Hakukigusa, kwa kuwa mkono haukunyooshwa. Tulipombeba Ndambuki kumtia garini, siafu walikuwa wamekifikia.

Walimlaza katika hospitali moja mjini Thika. Kiharusi, wakasema, upande wote wa kushoto umelala, mkono, mguu na nusu ya uso. Alikuwa hai, alisikia, alielewa, lakini maneno yalimtoka yamevimba kama ya mlevi.

Na Sajini akaacha kula.

Siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Siku ya pili Kinyanjui alikuja akasimama mbele ya kibanda, mikono mfukoni.

"Hii ni mbwa tu," akasema. "Ikisikia njaa ya ukweli itakula."

Daktari wa mifugo naye alisema hivyohivyo, kwamba mbwa mzima hawezi kujiua kwa njaa na sufuria iko mbele yake. Tukangoja njaa ya ukweli. Sajini alikunywa maji, akalala, akaangalia lango. Nilimpikia mchuzi wa mifupa. Nilimpa maziwa. Nilimpa yai bichi. Kila nilipomkaribia aligeuza uso ukutani, kwa adabu, vilevile nilivyomfundisha. Nilikaa chini kando ya kile kibanda nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwa mzee aliyelala Thika au kwa mwanamke aliyekunywa soda.

Siku ya tano niliamua. Nilichemsha maini, nikayakata, nikatia ndani ya kontena, nikaenda Thika saa ya kuona wagonjwa. Mlinzi wa lango aliuliza ni nini. Nikasema ni chakula cha mgonjwa. Ndambuki alipoona lile kontena, jicho lake zima likajaa machozi. Alielewa kabla sijasema.

"Ha... hali?" akauliza. *Hali*, ndivyo alivyotamka *hajala*.

"Hajala. Tangu ile siku."

Nikamwekea kipande cha ini kati ya meno ya mbele. Taya halikushika. Kipande kilianguka kifuani, nikakiokota nikakirudisha, kikaanguka tena. Mate yalimtiririka hadi shingoni. Muuguzi aliyeitwa Nafuna alifika ametoa macho.

"Mama, unataka kumnyonga? Huyu hata uji tunampa na kijiko!"

Nikamweleza yote pale kando ya kitanda. Alisikiliza bila kuamini, kisha akamwangalia Ndambuki, akaona jinsi anavyomeza mate akingoja, akashusha sauti. Akaniambia basi nimwinue aketi vizuri, nishike taya kwa chini, na kipande kisipite meno. Tulitumia saa nzima. Tulipata vipande vitatu, navyo havikuumwa, viliguswa tu na meno na kulowa.

Nilirudi Theta navyo vimefungwa kwenye kitambaa. Sajini alisimama, mkia ukatikisika kwa mara ya kwanza. Alinusa kitambaa. Akapokea kipande kimoja kwa midomo, taratibu. Alikaa nacho mdomoni akinitazama, kisha akakiweka chini juu ya kiatu changu. Akageuza uso ukutani.

Mate ya Ndambuki mikononi mwa Waruguru. Hicho ndicho hasa tulichomwonya kwa pilipili.

Nilimwomba Kinyanjui atoe pikapu tumpeleke mbwa Thika, amwone mtu wake hata kupitia uani. Akaniuliza kama nimewahi kuona mbwa akienda kuona mgonjwa hospitali. Nafuna alikuwa amekubali kumsukuma Ndambuki kwa kiti cha magurudumu hadi ukuta wa nyuma, ilibaki gari tu. Kinyanjui akasema kesho. Kesho pikapu lilikuwa kazini mtaa wa Kahawa Wendani. Keshokutwa lilikuwa gereji. Daktari wa mifugo alijaribu kumtia maji kwa mshipa, wakamfunga mdomo, wanne wakamlalia, akaung'oa mpira mara tatu. Mbavu zake zikahesabika kutoka jikoni kwangu. Mwishowe Kinyanjui, alipoona wateja wanauliza, akasema sawa, Jumatano gari litakuwepo.

Sajini alikufa Jumanne asubuhi, siku ya kumi na saba. Nilimkuta amelala uso ukiwa umeelekea lango. Tulimzika nyuma ya mashine ya maji, mimi na mlinzi wa mchana.

Jumatano nilikwenda Thika kumwambia. Sijui kwa nini nilichukua kontena. Nilikuwa nimechemsha maini asubuhi bila kufikiri, mikono ikafanya kazi yake, na nilipofika langoni sikujua namna ya kuingia nikiwa mikono mitupu. Ndambuki aliniona kutoka mbali. Kabla sijakaa alikuwa amekwisha jiegemeza kwa mkono mzima na kufungua mdomo, taya likitetemeka, akingoja nimwekee.

Nikamwekea.

"Ali?" akauliza baadaye, akitaka kusema *alikula*, na uso wake nusu ukajikunja kwa nguvu ya kungoja jibu.

"Amekula," nikasema. "Kimoja."

Alilia kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka. Siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza, kipande kilitoka na alama ya jino.

Mtu anihukumu atakavyo. Nilijiambia ni ya leo tu. Lakini keshoye Nafuna alinishika mkono kwenye korido, akasema mzee aliomba uji asubuhi, na kwamba amekuwa akijaribu taya usiku kucha. "Mama, hiyo maini yako inashinda ile mazoezi ya physio," akasema. "Usiache kuleta." Na mimi sikuacha. Nilikwenda Thika kila nilipoweza, mara nne kwa wiki, na kila mara nilikuwa na habari za Sajini kontenani pamoja na maini. Amekula vitatu. Ameanza kubweka. Amemfukuza paka wa jirani.

Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilimwambia Sajini amekataa. Sikufanya hivyo kwa kukosea. Niliona kwamba akipata habari njema kila siku analegea, anacheka, anaomba redio. Nikimwambia amekataa, anatafuna mpaka jasho linamtoka. Kwa hiyo nikampa habari njema mara moja katika tatu, kisha bila mpango wowote. Nilijua ninachokifanya. Alinifundisha mwenyewe.

Mkono nao ulianzia hapo. Nilimwambia Sajini anautaka mkono wa kushoto, hataki wangu. Ndambuki akaanza kuutazama ule mkono, masaa mazima, kana kwamba ni mbwa mpya aliyeletwa leo. Wiki ya sita kidole gumba kilijongea. Wiki ya nane aliweza kufumba ngumi na kuifumbua.

Vile vipande? Siku ya kwanza niliwatupia mbwa koko nyuma ya ukuta wa hospitali. Wakavigombania, na nilipoona jinsi vilivyomezwa bila hata kunuswa, nikaona nimemtukana mtu. Kuanzia hapo nilikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, karibu na stendi ya Thika, nikavila mwenyewe. Vilikuwa baridi, vimelowa, na alama za meno zilizozidi kuwa wazi wiki baada ya wiki.

Walimruhusu mwezi wa sita. Alitoka kwa miguu yake, mkongojo mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Wavinya alikuwa afike kesho yake kumpeleka Voi. Mimi nilikuja na gari la kukodi, nimejiandaa kumwambia kila kitu njiani, maneno nimeyapanga tangu jana. Alipoketi garini niliona ngumi yake ya kushoto imefumbwa, imewekwa juu ya goti.

"Nilibakiza kimoja ulicholeta, nimekiuma asubuhi," akasema. Maneno yake yalikuwa yamenyooka karibu yote. "Kimekauka kidogo, lakini atakichukua. Twende Theta kwanza."

Kutoka Thika hadi Theta si safari ndefu. Nilifungua mdomo mara tatu. Kila mara nilimwona ameshika ile ngumi kwa uangalifu, asije akakiangusha, nikaufunga.

Kibanda cha Sajini walikuwa wameshakifanya stoo. Ndani kulikuwa na magunia ya unga na beseni langu la kuoshea sufuria. Macharia, yule kijana wa cheti, alikuwa uwanjani na mbwa wengine, akatuona, akawa na akili ya kutosha asitusogelee. Ndambuki alisimama mbele ya waya muda mrefu. Hakuuliza yuko wapi. Mtu aliyekaa na mbwa maisha yake yote anajua kibanda kilichohamwa jana na kilichohamwa zamani.

"Lini?" akauliza.

"Jumanne. Ile wiki ya tatu."

Niliona akihesabu, midomo ikijongea, wiki kwa wiki, kutoka Jumanne hiyo hadi asubuhi ile.

"Na vipande vyote hivyo?"

"Nilikula mimi."

Sasa nilitaka anitukane. Nilitaka afoke kama siku ile ya vijiti vya kiberiti, aseme neno lolote baya katika Kikamba, nimpigie magoti, yaishe. Nikamwambia mzee, uko hai, unatembea, unaongea, ningefanya nini? Nikamwambia wewe ndiye uliyemfundisha asile, si mimi. Hata hilo nilisema, na ninalijutia kuliko uongo wote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akafumbua mkono wa kushoto, polepole, kidole kwa kidole. Kile kipande cha ini kilikuwa kimegandana na kiganja. Alikibandua, akainama kwa taabu, akakiweka chini ndani ya waya, pale sufuria ya Sajini ilipokuwa ikikaa.

"Kontena lilikuwa tupu, Waruguru," akasema.

Akageuka kwenda kwenye gari. Uwanja una mashimo, na mguu wake ulikwama kwenye nyasi, akayumba. Nikapiga hatua kumshika. Bila kunitazama, alihamisha mkongojo kwenye ule mkono wa kushoto ambao nilimrudishia kwa uongo, akauinua wa kulia, akanionyesha kiganja.

Nilibaki palepale. Alifika garini peke yake, akafunga mlango, dereva akawasha, wakatoka langoni, nami nikiwa bado nimesimama katikati ya uwanja.